Pumzi Inahitaji Mwenyewe

Ingia hospitali yoyote ya wilaya uulize dawa ziko chini ya nani, utaonyeshwa dirisha la mfamasia. Uliza habari za makohozi, utapelekwa maabara. Uliza picha ya kifua, yupo mtu wa mionzi. Sasa uliza nani mwenye dhamana ya pumzi ya mgonjwa: nani anajua mtungi umebakiza saa ngapi, mtoto anahitaji lita ngapi kwa dakika, mashine inalia kwa nini, na ni lini mgonjwa aanze kupunguziwa oksijeni. Hapo jibu linagawanyika. Daktari aliandika "aongezewe oksijeni" alipopita wodini asubuhi. Muuguzi ndiye aliyefungua mtungi, naye ana wodi nzima ya kuangalia. Mtaalamu wa usingizi anaijua kazi hiyo kuliko wote, lakini yuko chumba cha upasuaji. Fundi wa vifaa tiba huitwa mashine ikishagoma. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna mwenye kazi nzima.

Marekani na Kanada nafasi hiyo ina mtu wake, mtaalamu wa tiba ya upumuaji. Kwa Wamarekani mlango wa kawaida wa kuingilia ni chuo cha jamii, chuo cha umma kilicho karibu na nyumbani, chenye ada nafuu kuliko chuo kikuu, ambako mtu husoma programu ya miaka miwili. Anaanza na anatomia, fiziolojia na kemia. Kisha anafundishwa kuchukua damu ya ateri na kuyasoma majibu yake, kuendesha mashine za kupumulia, kumhudumia mtoto njiti, kumwelekeza mwenye pumu. Sehemu kubwa ya masomo hayo iko hospitalini, kando ya kitanda, chini ya jicho la aliyebobea. Akihitimu anafanya mitihani ya bodi ya taifa na kuomba leseni ya jimbo.

Je, njia kama hiyo inatufaa sisi? Swali hili naliuliza nikiitazama wilaya moja, Same, pamoja na Milima ya Upare, kwa sababu swali la elimu ya afya likiulizwa kwa nchi nzima mara nyingi hujibiwa na hospitali kubwa za mijini, na jibu lake haliufiki mlima.

Upareni kifua hushambuliwa kutoka pande nyingi. Huko juu, kuanzia Mbaga na Chome chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, asubuhi huwa na baridi na ukungu, na jiko la kuni la mafiga matatu liko ndani, mlango ukiwa umerudishwa ili joto lisitoke. Mama anayepika humo kwa miaka 30, mtoto akiwa mgongoni, anavuta moshi kila siku ya Mungu. Bondeni hali ni nyingine. Same mjini, Makanya na Hedaru ni nchi kavu ya vumbi, na Makanya kuna machimbo ya jasi. Upande wa magharibi Same inapakana na Simanjiro, yaliko machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani. Vumbi la mwamba wa huko huharibu mapafu ya wachimbaji na kuwafungulia mlango wa kifua kikuu, na wengi wao huishia Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu. Ongeza nimonia za watoto, pumu, na watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na ukifanikiwa utapunguza sehemu ya mzigo huu. Lakini aliyekwisha kuharibika mapafu, na mtoto atakayezaliwa usiku wa leo na wiki zake 31, hawawezi kuusubiri mwaka 2034.

Tumtazame mtoto huyo kwa karibu, maana ndiye anayeonyesha kazi yenyewe ni nini. Mapafu yake hayajakomaa, na kila akitoa pumzi yanataka kujikunja. Kifaa kinachomsaidia kinaonekana rahisi mno: mrija wenye ncha mbili laini puani, mtiririko wa hewa yenye oksijeni, na mrija wa pili wa kutolea unaoishia ndani ya chupa ya maji. Mrija ukizama sentimita 5, mapafu yanapata msukumo wa sentimita 5 za maji, wa kutosha kuyaweka wazi kati ya pumzi na pumzi. Mapovu yanapotoka chupani, muuguzi anajua msukumo upo. Mapovu yakikatika, kuna jambo. Huenda mtoto amefungua mdomo na hewa inatokea huko, au ncha zimetoka puani, au mrija umejikunja chini ya blanketi, au makohozi yameziba, au mtungi umeisha. Anayehudumu hana budi kujua aanze kukagua wapi, tena ndani ya sekunde chache. Lazima aangalie pia ngozi kati ya matundu ya pua, ambayo ncha zikikaa vibaya huichubua hata kuila. Atazame kina cha maji, kwa sababu yakipungua msukumo unashuka na yakiongezeka unapanda. Na asimwachie oksijeni tupu mfululizo. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali za nchi tajiri ziliwapa watoto njiti oksijeni nyingi kwa nia njema, na maelfu wakapofuka macho kabla sababu haijagunduliwa. Oksijeni ni dawa yenye dozi, na dozi ikizidi hudhuru.

Kifaa hiki kina asili yake New York katika miaka ya 1970, na baadaye toleo lake la bei nafuu kwa hospitali za Afrika likajaribiwa Malawi. Kuanzia 2019 mradi wa NEST360 ulianza kuhimiza vifaa vya watoto wachanga pamoja na mafunzo yake katika Malawi, Kenya, Nigeria na Tanzania, ambako Taasisi ya Afya Ifakara ni mshirika. Ninachokisisitiza ni kwamba chupa ile ya maji haimwokoi mtoto yenyewe. Inamwokoa ikiwa na mtu mmoja aliyeizoea, anayerudi kuitazama kila baada ya muda mfupi usiku kucha.

Kuna pia hesabu ambayo mara nyingi haimo katika majukumu ya mtu yeyote. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitumika kwa lita 5 kwa dakika unakwisha baada ya saa 22 na dakika 40. Mtungi mdogo wa gari la wagonjwa, wenye lita 680, kwa mtiririko huohuo unadumu dakika 136 tu. Sasa mpakie mgonjwa Gonja Maore, upite Kisiwani hadi Same mjini, kisha uanze kilomita kama 100 za kwenda hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi. Aliyepiga hesabu kabla ya kuondoka ataongeza mtungi wa pili, au atampima mgonjwa oksijeni kwa kifaa cha kidoleni na kuona kwamba lita 2 zinatosha, naye atafika. Ambaye hakupiga ataishiwa oksijeni barabarani, na mtungi mwingine uko mbele Moshi. Mfumo wa m-mama, unaoita usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga kwa namba 115, umeondoa sehemu kubwa ya shida ya kupata gari. Shida ya nani ndani ya gari hilo anaijua pumzi bado ipo.

Mtu anaweza kusema kwamba tatizo letu ni vifaa. Lilikuwa vifaa kweli, na kwa sehemu bado ni vifaa. Lakini UVIKO-19 ulibadilisha mizani. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 567, ambazo serikali ilizitangaza kama shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikaenda kwenye majengo ya wagonjwa mahututi, mitambo ya kuzalisha oksijeni na magari ya wagonjwa. Hatua hiyo naiheshimu bila kusitasita. Ila mtambo unanunuliwa kwa mkataba mmoja na kufungwa kwa miezi michache, na mtu wa kuutumia analelewa kwa miaka. Tulipopata mitambo tulipaswa kuwa tayari darasani.

Hapa historia ya kazi yenyewe inatia moyo, kwa sababu haikuanzia kwa maprofesa. Hospitali za Marekani za miaka ya 1940 zilikuwa na wahudumu wa kusukuma mitungi. Wao ndio waliojua mtungi upi unavuja na mgonjwa yupi ameivua barakoa yake, na taratibu madaktari wakaanza kuwauliza. Mwaka 1947 kikasajiliwa chama cha kwanza cha kazi hiyo, Chicago, na kuanzia hapo mitaala na mitihani vikafuata. Mwaka 1952 mlipuko wa polio uliikuta Copenhagen na mashine chache kuliko wagonjwa. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akaanzisha utaratibu wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mfuko wa mkono kupitia tundu la kooni, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu kwa miezi. Vifo vikashuka sana. Kwa hiyo tiba ya wagonjwa mahututi kama tunavyoijua leo ilianza kwa mikono ya vijana waliopewa kazi moja, wakaelekezwa vizuri, wakasimamiwa. Kijana wa Vudee au wa Ndungu aliyefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne hawezi kuambiwa kwamba hili ni jambo la mbali naye.

Tufundishe vipi, basi? Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa tumezoea jibu moja, semina. Watumishi wanaitwa mjini, wanakaa siku mbili ukumbini, wanalipwa posho, wanapewa cheti na kurudi. Tanzania inao ushahidi wake wenyewe kwamba hilo halitoshi. Mwaka 2010 Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, iliwapa watumishi wake mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Watafiti walipowapima miezi saba baadaye kwa mdoli wa mafunzo, watumishi walifanya vizuri zaidi kuliko kabla. Lakini chumbani mwa kujifungulia, kwa watoto halisi, huduma haikuwa imebadilika. Mwaka 2011 hospitali ikabadili utaratibu: mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini, mdoli ukiwa jirani na kitanda cha mama. Safari hii vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban theluthi moja. Mbinu hiyo ikapanuliwa hadi hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwemo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yakaonyesha vifo vya siku ya kwanza vimepungua kwa asilimia 40.

Huo ni ushahidi uliotoka kwenye wodi zetu, na unatuambia elimu ya pumzi iwe na sura gani. Msingi wake ujengwe chuoni, ndiyo, maana bila kuelewa gesi, shinikizo na mapafu mtu atakariri vifungo tu. Lakini mwili wake uwe wodini, na urudiwe bila kuchoka hata baada ya cheti.

Njia ziko tatu, na si sawa. Ya kwanza ni kuanzisha kada mpya kabisa, stashahada ya miaka mitatu, kama tulivyofanya kwa matabibu na wateknolojia wa maabara. Inavutia, na wanaosema haiwezekani wasahau kidogo Dar es Salaam na waangalie Moshi. Mwaka 1981, kwa msaada wa Ujerumani, katika viwanja vya KCMC ilianzishwa TATCOT, shule ya kufundisha wataalamu wa viungo bandia. Wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma pale. Kwa hiyo Kilimanjaro imekwisha kuzaa kada ya aina hii mara moja. Tofauti ni kwamba mtengeneza mguu bandia anahitajika hospitali chache kubwa, na mgonjwa anaweza kumfuata. Mwenye kubanwa na pumzi hawezi kumfuata mtu. Kada mpya ingechukua miaka kupata mtaala, baraza la kuisimamia, na nafasi kwenye muundo wa utumishi, na wahitimu wa kwanza wangeishia hospitali za kanda. Same ingengoja.

Njia ya pili ni kuongeza masomo ya upumuaji kwenye mitaala iliyopo ya uuguzi na utabibu. Hilo lifanyike kwa vyovyote, ila peke yake linaturudisha pale tulipo: kila mtu anajua kidogo, hakuna mwenye kazi.

Ya tatu ndiyo ninayoisimamia. Mchukue muuguzi au tabibu ambaye tayari yuko Same, Gonja au Usangi, ambaye ana nyumba na watoto shuleni huko huko na hana mpango wa kuhama, umpe mwaka mmoja wa utaalamu wa ziada. Darasa la nadharia liwe Moshi, ambako KCMC inafundisha fiziotherapia na usingizi na ina wodi ya watoto njiti. Wiki kadhaa ziwe Kibong'oto kwa mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu na vumbi. Nusu ya mwaka iliyobaki iwe kwenye hospitali yake mwenyewe, akisimamiwa, kwa mashine atakazozitumia atakapohitimu. Kenya wametangulia kwa namna yao: Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kina stashahada ya juu ya matabibu wa magonjwa ya mapafu na ngozi, na nyingine ya wauguzi wa wagonjwa mahututi. Sisi wenyewe tumewahi kwenda njia hiyo, pale Ifakara ilipowafundisha madaktari wasaidizi upasuaji wa uzazi na wauguzi kazi ya usingizi kwa kozi za miezi mitatu, ili vituo vya afya vya vijijini viweze kumhudumia mama.

Vipi kuhusu vyuo vyetu vya karibu na wananchi, vile Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Skandinavia? Kwa majina vinafanana na vyuo vya jamii vya Marekani, lakini kazi yao ni ufundi na stadi za maisha, na singependa kuvibebesha mgonjwa mahututi. Vinaweza kusaidia pembeni: fundi umeme anayejua kwamba mashine ya kuchuja oksijeni haivumilii umeme unaopanda na kushuka, na kwamba chujio lake lisiposafishwa vumbi la Same litaiua mapema. Mashine hiyo inavuta hewa ya kawaida, yenye asilimia 21 ya oksijeni, na kuondoa naitrojeni hadi ibaki oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Vumbi likiziba, namba inashuka kimya kimya na mgonjwa hapati alichoandikiwa.

Kikwazo kikubwa kuliko pesa, kwa maoni yangu, ni desturi ya kuzungusha watumishi. Muuguzi anafundishwa mashine ya watoto wachanga, anaizoea, na baada ya miezi kadhaa ratiba mpya inampeleka kliniki ya wagonjwa wa nje. Anayekuja badala yake anaanza upya. Mzunguko huo una sababu zake: wodi nzito huchosha, na haki inataka watu wapokezane. Lakini kwa ujuzi huu unafanya kazi ya kubomoa. Aliyesoma mwaka mzima abaki kwenye pumzi. Anaweza kuzunguka kati ya wodi ya watoto, ya wazazi, ya wanaume na chumba cha mahututi, maana pumzi iko kote, ila kazi yake iwe ileile. Na ili abaki lazima cheti chake kitambuliwe na baraza lake, kiingie kwenye ikama ya hospitali, kimpandishe daraja. Vinginevyo tutakuwa tumemwongezea mzigo kwa mshahara uleule, naye ataomba uhamisho, na hatakuwa na kosa.

Kazi yake haitaishia hospitalini. Dawa ya pumu ya kuvuta inapopulizwa moja kwa moja mdomoni mwa mtoto wa miaka minne, nyingi inabaki ulimini. Lakini chupa ya maji ya nusu lita, ikitobolewa kitako tundu linaloshika kifaa cha dawa sawasawa, inatosha kuishika dawa wakati mtoto anavuta pumzi taratibu, na utafiti wa Cape Town wa mwishoni mwa miaka ya 1990 uliona chupa hiyo inafanya kazi sawa na chombo cha kushikia dawa kinachonunuliwa. Jambo hilo mama hufundishwa kwa dakika kumi: "Mama, shika hapa, usimharakishe, mwache apumue mara tano." Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wanahitaji wa kuwarudisha kwenye misingi. Wakihesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, 50 au zaidi kwa aliye chini ya mwaka na zaidi ya miezi miwili, na 40 au zaidi kwa wa mwaka hadi mitano, wanaweza kuitambua nimonia kijijini kabla midomo haijawa ya bluu. Mtu wa kuwapitia kila mwezi na kuwasahihisha ndiye huyu tunayemzungumzia.

Idadi yake inahesabika. Wiki ina saa 168, mtumishi mmoja anafanya kazi saa 40, na kuna likizo, ugonjwa na uzazi. Ili awepo mtu mmoja zamu zote, mchana na usiku, wanahitajika watano. Watano wa Hospitali ya Wilaya ya Same, watano wa Gonja, watano wa Usangi upande wa Mwanga: watu 15, ambao wengi wao tayari wako kwenye mishahara ya serikali au ya makanisa. Gharama mpya ni ada, malazi ya Moshi, na watumishi wa kushika nafasi zao kwa mwaka huo, na hili la mwisho ndilo litakalozua ubishi, kwa kuwa mganga mfawidhi hataki kupoteza wauguzi watano kwa mpigo. Waende wawili wawili, basi, na wa kwanza wakirudi wawe ndio wasimamizi wa wanaofuata. Barua ya kwanza haihitaji kwenda wizarani kuomba kada. Iende halmashauri, kwenye kikao cha ikama na bajeti, ikiomba nafasi mbili zenye jina na majukumu yaliyoandikwa: kukagua mitungi na mashine kila zamu, kumpima kila mgonjwa aliye kwenye oksijeni na kuandika, kuandaa oksijeni ya kila rufaa kabla gari halijatoka, na kuendesha zoezi la dakika kumi wodini kila wiki.